Jaribio Linabadilika, Mratibu Asiwe Kibarua

Wiki mbili zilizopita mwanafunzi wangu wa zamani, muuguzi wa Kahama aliyesoma kwetu shahada ya uzamili ya sera za umma, alinitumia tangazo la kazi. Taasisi moja ya ng'ambo ilikuwa ikitafuta wakandarasi wa utafiti watakaoratibu majaribio badilifu ya tiba ya saratani katika nchi kadhaa za Afrika. Mkataba ni wa miezi 12, na utaongezwa iwapo fedha zitapatikana. Malipo ni kwa siku zilizofanyiwa kazi. Bima na kodi ni juu ya mkandarasi mwenyewe. Chini ya tangazo aliandika maneno mawili: "Mwalimu, niombe?"

Sikumjibu siku ile. Tangazo lilinikumbusha mzee mmoja wa Nyarugusu, mkoani Geita, aliyestaafu uchimbaji mdogo, ambaye miaka kadhaa iliyopita alinitolea kutoka mfuko wa shati kadi iliyofungwa kwa nailoni pamoja na kitambulisho chake cha mpiga kura. Kadi ilimtambulisha kuwa mshiriki wa utafiti fulani wa afya. Ilikuwa na namba yake ya ushiriki, na namba ya simu ya mratibu ambayo aliambiwa aipige wakati wowote akijisikia vibaya. Alikuwa ameipiga mara nyingi, lakini haikupatikana tena. Mradi ulikuwa umekwisha, mkataba wa mratibu umekwisha, na laini ya simu ilikuwa mali ya mradi. Mzee hakulalamika. Aliniuliza tu: "Mwalimu, mimi bado ni wa utafiti ule, au nilishatolewa?"

Leo nataka kujadili swali la mzee huyo na swali la muuguzi kwa pamoja, kwa kuwa naona ni swali moja. Mimi si tabibu. Ninafundisha siasa na sera za umma, na ninachokifuatilia ni namna taasisi zinavyowajibika kwa watu au zinavyokwepa kuwajibika. Hoja yangu ni hii: kadiri jaribio la tiba linavyoruhusiwa kubadilika, ndivyo mratibu wake anavyopaswa kuwa mtu wa kudumu, aliyeajiriwa na taasisi ya kudumu, karibu na mgonjwa. Kumfanya kibarua ni kumbebesha mgonjwa hasara ya kila badiliko.

Tuelewane kwanza kuhusu jambo lenyewe. Katika jaribio la tiba la kawaida, itifaki huandikwa mwanzoni, wagonjwa hugawanywa katika makundi kwa bahati nasibu, kila kundi hupewa tiba yake, na hukumu hutolewa mwishoni. Jaribio badilifu huruhusu matokeo ya njiani yaongoze safari. Tiba isiyoonesha faida hufungwa, dawa mpya huongezwa, na pengine uwiano wa wagonjwa wanaopangwa katika kila kundi hubadilishwa. Mkulima wa pamba wa Kishapu hatapata shida kuelewa. Akipanda mbegu nne katika vipande vinne vya shamba, na kimoja kikawa kimenyauka ifikapo Februari, hana sababu ya kungoja mavuno ndipo akiri kwamba mbegu ile haifai. Watafiti wa Ukiriguru, kituo kilichotupatia mbegu za pamba zenye jina la UK, watamkumbusha sharti moja tu: kanuni ya kung'oa iwekwe kabla ya kupanda. La sivyo, atang'oa mbegu asiyoipenda na kusingizia ukame.

Utaratibu huu si ndoto. Nchini Uingereza, jaribio la saratani ya tezi dume liitwalo STAMPEDE lilianza kusajili wagonjwa mwaka 2005 likiwa na tiba kadhaa zinazoshindanishwa. Mwaka 2011 dawa ya celecoxib ilifungiwa kwa kukosa dalili za kutosha za faida, na mwaka huohuo abiraterone ikaongezwa katika jaribio lilelile bila kuanza upya. Baadaye ilithibitika kwamba abiraterone huwarefushia maisha wagonjwa. Wakati wa UVIKO-19, jaribio la RECOVERY lilianza Machi 2020, na kufikia katikati ya Juni lilikuwa limeonesha kwamba deksamethasoni, dawa rahisi inayopatikana hata katika hospitali zetu za wilaya, hupunguza vifo vya wagonjwa mahututi. Kwa maradhi yanayoua haraka, kungoja miaka kumi ili kupata jibu moja ni anasa.

Nasi hatuna anasa hiyo. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliiwekea Tanzania wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 kwa mwaka, na vifo zaidi ya 26,000. Kanda ya Ziwa ina mzigo wenye sura yake. Kichocho cha mkojo, ambacho watoto wa Shinyanga hukipata katika malambo na majaruba ya mpunga, ni chanzo kinachojulikana cha saratani ya kibofu. Saratani ya umio iko juu katika ukanda mzima wa Afrika Mashariki. Uvimbe wa taya kwa watoto, aliouelezea daktari Denis Burkitt huko Uganda mwaka 1958, upo sana kandokando ya ziwa letu. Na katika machimbo ya Rwamgasa, Mgusu na Kakola, vijana wanavuta vumbi la mawe kwenye maduara na karashani. Vumbi la silika lenye chembechembe laini liliwekwa na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani katika orodha ya visababishi vya saratani tangu mwaka 1997. Sisemi kila mgonjwa wa Geita ameuguzwa na dhahabu. Nasema wagonjwa wa huku wana historia zao za mwili, na tiba iliyopimwa kwa watu wa mbali peke yao haiwezi kudhaniwa tu kwamba itawafaa.

Kwa hiyo siyapingi majaribio haya. Nayataka, na nayataka Shinyanga na Geita, si Dar es Salaam pekee. Swali ni nani atayashika mkononi.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Majina yanayosomeka katika majarida ya kitabibu ni ya mabingwa na wanatakwimu, lakini chombo huundwa na mratibu. Ndiye anayehakikisha mgonjwa ameelewa alichotilia saini. Ndiye anayejua kwamba mama wa Ushetu hakuja Jumanne kwa sababu ya msiba na si kwa sababu ya dawa. Ndiye anayeona madhara kabla hayajaingia kwenye fomu. Katika jaribio la kawaida, udhaifu wake huharibu sehemu ya kazi. Katika jaribio badilifu, udhaifu wake huweza kugeuza uamuzi wenyewe, kwa sababu uamuzi hufanywa njiani kwa kutegemea takwimu zilizokwishafika.

Tazama jinsi hilo linavyoweza kutokea kwetu. Wachimbaji wadogo huhama. Ikisikika rashi mpya, kijana aliyelala Katoro ataamkia Kahama, na baada ya mwezi yuko Chunya. Hubadilisha laini ya simu, na kambini hujulikana kwa jina la utani. Sasa chukulia kwamba dawa moja inayojaribiwa huwatapisha wagonjwa kiasi kwamba hawawezi tena kusimama kwenye karasha. Wenye madhara makubwa ndio watakaoondoka kwanza kutafuta kazi nyepesi au kurudi kwa wazazi. Watakaobaki kwenye daftari ni wale ambao dawa haikuwasumbua. Siku ya uchambuzi wa kati, kompyuta iliyoko ng'ambo itaona dawa inayovumilika vizuri, na kundi lililostahili kufungwa litaongezewa wagonjwa. Hakuna aliyedanganya. Amekosekana tu mtu anayemjua mwenyekiti wa kijiji, mwenye kambi na mama lishe wa pale machimboni, ambaye angeuliza na kuambiwa kijana yule alikokwenda.

Watu wa aina hiyo hawapatikani kwa tangazo la miezi 12. Mahusiano ya namna hiyo huchukua mwaka mzima kujengwa, na huo ndio mwaka ambao mkataba unakwisha.

Kisha kuna ridhaa. Mgonjwa wa jaribio badilifu haridhii mara moja. Kundi likifungwa, au dawa ikiongezwa, au hatari mpya ikijulikana, anastahili kuelezwa upya na kuulizwa upya, kwa Kiswahili au kwa Kisukuma, na mtu anayemwamini. Anastahili kuwa huru kusema hapana bila kuhofia kwamba atakosa tiba ya kawaida. Nani atamweleza bibi wa Mwawaza kwamba dawa aliyomeza kwa miezi mitano imeondolewa, si kwa kuwa yeye amekosea, bali kwa kuwa hesabu imeonesha haisaidii? Mgeni aliyeajiriwa wiki iliyopita atamsomea karatasi. Mzee wangu wa Nyarugusu hakusomewa hata hiyo karatasi.

Watu wa ukanda huu wanaijua kandarasi vizuri kuliko mimi. Wanajua namna kazi ngumu ya chini ya ardhi inavyokabidhiwa kwa kampuni ndogo, na kampuni ndogo ikaikabidhi kwa nyingine, hata mtu akivunjika mgongo kila mlango anaobisha hujibiwa kwamba mwajiri wake ni yule wa mlango wa pili. Utafiti nao unaelekea huko. Mfadhili yuko bara moja, kampuni ya kandarasi ya utafiti iko bara jingine, mratibu ni mkandarasi wa mkandarasi, na hospitali imetoa chumba na kitanda. Jambo likiharibika, uwajibikaji unamomonyoka kama ukuta wa duara lisilo na matimba.

Kuna wanaosema kwamba hatuna budi, kwa sababu Afrika haina uwezo wa kuratibu utafiti mgumu. Historia inawakatalia.

Mwaka 1967 kilianzishwa Mulago, Kampala, kituo cha kutibu uvimbe wa Burkitt, ambacho baadaye kilikuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Majaribio ya tiba kwa dawa yaliyofanyika pale yalikuwa miongoni mwa yaliyouthibitishia ulimwengu kwamba kuna saratani zinazoweza kuponywa kwa dawa. Idi Amin alipoiharibu nchi, Wamarekani waliokuwa wakikiongoza waliondoka. Kituo hakikufa. Daktari Mganda, Charles Olweny, alikishika na kukiendesha katika miaka migumu ya 1970. Fedha na wageni waliondoka. Kilichobaki ni taasisi na mwenyeji aliyekuwa na nafasi ndani yake. Laiti Olweny angekuwa mkandarasi wa miezi 12, wagonjwa wale wangebaki na kadi tu mifukoni.

Karibu zaidi na nyumbani ipo Mwanza. Kati ya mwaka 1991 na 1994, watafiti wa NIMR, AMREF na wenzao wa London walifanya jaribio katika jamii 12 za vijijini na kuonesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Umahiri uliopatikana haukutawanyika wote. Mwaka 2006 ulipewa nyumba, kitengo cha majaribio ya tiba cha Mwanza kinachojulikana kwa kifupi cha MITU. Kitengo hicho ndicho kilichoendesha jaribio la DoRIS, ambamo wasichana 930 wa Mwanza wenye umri wa miaka 9 hadi 14 walipewa dozi moja, mbili au tatu za chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Matokeo yalionesha kwamba dozi moja huamsha kinga ya kuridhisha na ya kudumu. Yalikuwa sehemu ya ushahidi uliolifanya Shirika la Afya Duniani likubali utaratibu wa dozi moja mwaka 2022, na mwaka 2024 Tanzania yenyewe ikahamia dozi moja. Binti wa Msalala anayechanjwa leo mara moja badala ya mbili anafaidi kazi iliyofanywa na waratibu, wauguzi na madereva wa kanda yake mwenyewe.

Hata STAMPEDE, niliyoitaja juu, haikuelea hewani. Iliratibiwa na kitengo cha majaribio cha umma kilichoko katika chuo kikuu cha London, na ikaendelea kusajili wagonjwa kwa karibu miaka 18. Nashangaa kuona kwamba wenzetu, kwao, hujenga nyumba ya kudumu kwa ajili ya majaribio yanayobadilika, lakini wakija kwetu hutuletea hema.

Najua pia hoja ya upande wa pili, na sina budi kuitendea haki. Taasisi zetu za umma ni nzito. Kibali cha maadili kutoka NIMR, kibali cha dawa kutoka TMDA, kibali cha kusafirisha sampuli, barua ya mkoa, barua ya wilaya: mtafiti huzeeka akizungusha mafaili. Jaribio badilifu, ambalo huenda likahitaji marekebisho mara tatu kwa mwaka, litakufa mezani kwa karani. Hoja hii ni ya kweli, na watumishi wa umma wanaosoma hapa wanajua kwamba ni ya kweli. Lakini dawa ya uzito wa serikali si kuikwepa serikali. Mabadiliko katika jaribio badilifu hayatokei kwa ghafla. Kanuni zake huandikwa mapema. Basi kamati ya maadili na mamlaka ya dawa zikae meza moja mwanzoni, zipitishe ramani nzima ya mabadiliko yanayoruhusiwa, kisha kila badiliko lililomo katika ramani litolewe taarifa badala ya kuombewa kibali upya. Lisilomo ndilo lirudi mezani.

Wengine husema mkandarasi huleta uzoefu ambao sisi hatuna. Na aje. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila aje kufundisha kwa muda uliopangwa, si kuja kuchukua nafasi ambayo mwenyeji hataipewa kamwe.

Tunakumbuka Machi 2017, serikali iliposimamisha usafirishaji wa makinikia, na makontena 277 yakazuiliwa bandarini. Taifa zima lilijifunza neno moja jipya na funzo moja la zamani: anayesafirisha mchanga bila kujua kilichomo hupoteza zaidi ya anachodhani. Damu, vipande vya nyama ya uvimbe na takwimu za wagonjwa ni makinikia ya utafiti. Thamani yake huchenjuliwa kwingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imetupa pa kuanzia, lakini sheria haiwezi kukaa wodini. Mtu anayekaa wodini ni mratibu, na yeye hulinda maslahi ya yule anayemlipa na anayeweza kumwondoa.

Ninapendekeza mambo manne, na naomba wanaharakati na watumishi wa Wizara ya Afya wayapime.

Kwanza, cheo cha mratibu wa majaribio ya tiba kiingizwe katika muundo wa utumishi wa umma, kiwe na ngazi za kupanda na mafunzo yake. Bugando, ambayo ndiyo hospitali ya rufaa wanayopelekwa wagonjwa wengi wa saratani wa Kanda ya Ziwa, iwe na kitengo cha uratibu chenye matawi katika hospitali za rufaa za mikoa ya Shinyanga na Geita. Mfadhili anayetaka kufanya jaribio akilipe kitengo, si mtu mmojammoja. Fedha zikikauka katika jaribio hili, mratibu ahamie jingine bila kuwaacha wagonjwa wake.

Pili, namba ya simu iliyo kwenye kadi ya mshiriki iwe ya hospitali. Huenda likaonekana jambo dogo, lakini mzee wangu angekuwa na jibu.

Tatu, jaribio badilifu lisipewe kibali mpaka bajeti yake ioneshe gharama za kumtafuta mshiriki anapohama na za kumwomba ridhaa upya. Tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli limetuondolea foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi, na mgonjwa wa Geita anafika Mwanza kwa urahisi zaidi. Lakini daraja halimtafuti mtu kambini. Anayemtafuta ni mtu mwenye pikipiki, mafuta na posho.

Nne, halmashauri za ukanda wa dhahabu zitenge sehemu ya fedha zitokanazo na madini kwa ajili ya safari za wagonjwa na vipimo vya awali. Halmashauri hupokea ushuru wa huduma, na sheria ya madini inazitaka kampuni zikubaliane nazo kuhusu mpango wa kila mwaka wa uwajibikaji kwa jamii. Tumezoea kuona fedha hizo zikiwa madarasa na matundu ya vyoo, na hayo ni ya lazima. Lakini vumbi linalovutwa huku lina haki ya kudai chake. Fedha zipitie halmashauri, zisipitie mikononi mwa kampuni, ili asiwepo wa kununua matokeo.

Hatimaye nilimjibu muuguzi wangu. Nilimwambia aombe, kwa sababu ana watoto wa kusomesha na kwa sababu ni heri wodini awepo yeye kuliko asiwepo mtu. Lakini nilimwomba aulize maswali matatu kabla ya kutia saini. Mkataba wangu ukiisha, daftari la wagonjwa linabaki kwa nani? Kundi likifungwa, nani ana jukumu la kwenda kumweleza mgonjwa, na kwa nauli ya nani? Nikiona jambo baya, namwandikia nani aliyeko Tanzania?

Jana amenijibu. Aliyauliza maswali yote matatu, kwa heshima na kwa maandishi. La kwanza amejibiwa kwamba daftari ni mali ya mfadhili. La pili na la tatu ameambiwa yatashughulikiwa mradi ukishaanza.

Hajatia saini bado. Mimi naona nchi yetu nayo isitie saini mpaka yajibiwe.